Nani kasema Noah zote zinakunywa mafuta?

Tulikuwa tunateremka kutoka Marangu asubuhi ya Julai, ukungu bado umetanda kwenye migomba. Shemeji yangu kakaa kiti cha mbele, ndoo ya maparachichi kaibana kwa miguu. Akainamia dashibodi, akatabasamu.

"Shemeji, gari yako ina afya. Mlima wote huu, mshale wa joto hata haujainuka."

Nikatazama. Kweli, mshale ulikuwa umelala karibu kabisa na herufi C, yaani baridi, nasi tunakaribia Himo. Injini ilikuwa imewaka tangu kwa mama mkwe kule juu, imepanda, imeshuka, imesimama kushusha watu, imeondoka tena. Kwa muda wote huo ilitakiwa iwe imeshapata moto wake.

Sikumjibu kitu. Lakini lile neno "afya" halikuniacha. Kwa wiki kadhaa zilizofuata, kila nilipowasha gari macho yalikwenda kwenye mshale kwanza.

## "Ndivyo zilivyo"

Mwenye Toyota Noah ya zamani inayokula mafuta ameshaambiwa maneno haya na kila fundi aliyewahi kumpelekea gari. Wangu aliniambia bila hata kuinua kichwa: "Dada, Noah zote zinakunywa. Ndivyo zilivyo. Ukitaka kubana mafuta nunua IST."

Kuna ukweli ndani yake. Hii ni Noah ile iliyotoka Japani kuanzia mwaka 1996 hadi 2001, injini ya 3S-FE ya lita 2 iliyofichwa chini ya viti vya mbele, inasukuma matairi ya nyuma kupitia gia boksi ya otomatiki ya gia nne. Ni ndefu kwenda juu, ina uso mpana, na inabeba familia nzima pamoja na mkungu wa ndizi. Haitakuja kula mafuta kama gari dogo, na mimi sikuwa naomba hivyo.

Kilichonisumbua ni kwamba jibu lile linafunga mjadala. Ukishaambiwa ndivyo zilivyo, huna cha kuuliza tena. Unalipa tu.

Na mimi sikuwa naendesha Noah zote. Naendesha moja.

## Kipimo kabla ya fundi

Wengi wetu tunapima mafuta kwa pesa. "Niliweka ya elfu hamsini, imeisha Jumatano." Kwa kipimo hicho huwezi kujua kama gari limebadilika au bei ndiyo iliyobadilika, maana EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, inatangaza bei kikomo mpya kila mwezi. Taa ya mafuta nayo si ya kutegemea. Ukiwa kwenye mlima inawaka mapema, ukifika tambarare inazima.

Kipimo cha kweli ni cha kilomita na lita. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe, usimruhusu mhudumu aendelee kubonyeza. Rudisha namba ya safari kwenye sifuri. Endesha maisha yako ya kawaida. Utakaporudi kujaza, nenda sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, ikate tena yenyewe. Gawanya kilomita kwa lita, basi. Tanki moja linaweza kukudanganya, kwa hiyo rudia.

Hakikisha pia kilomita zenyewe ni za kweli. Gari likifungwa matairi makubwa kuliko yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, kihesabu kilomita kinahesabu pungufu na gari linaonekana linakula zaidi ya linavyokula. Mimi nililinganisha na vibao vya kilomita vilivyo pembeni ya barabara ya Moshi. Vilikubaliana.

Jibu likawa kilomita 7 kwa lita, kasoro kidogo. Na hiyo haikuwa foleni ya Arusha mjini peke yake. Ndani yake mlikuwa na safari za lami iliyonyooka, asubuhi, bila msongamano.

Hapo nikajua kuna kitu.

## Waya mfupi

Noah yangu haina soketi ya zile mashine za kupimia magari mapya. Fundi anatumia kipande cha waya. Anaunganisha matundu mawili kwenye kiboksi cha uchunguzi, yameandikwa TE1 na E1, anafungua swichi bila kuwasha injini, kisha mnatazama taa ya injini kwenye dashibodi. Taa inazungumza kwa kumweka. Ikimweka mara mbili, ikapumzika, ikamweka mara moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa ekzosi ili kompyuta ijue mafuta yamezidi au yamepungua. Mara mbili na mara mbili ni 22, sensa ya joto la maji.

Tukakaa tunaitazama. Ikamweka, ikamweka, ikamweka, kwa mwendo mmoja bila kupumzika. Maana yake hakuna kosa lililorekodiwa.

"Umeona? Gari nzima, dada."

Nikaondoka pale nimekaribia kuamini. Kompyuta ya gari imesema hakuna tatizo, fundi mwenye miaka yake kwenye kazi kasema hakuna tatizo, mimi ni nani? Nikaanza kufikiria habari za IST. Nikaulizia na habari za kufunga mfumo wa gesi, lakini wakati huo vituo vya kujazia karibu vyote vilikuwa Dar es Salaam, na mtungi wenyewe ungekula nafasi ya mizigo ambayo ndiyo sababu ya kuwa na Noah.

Kilichonirudisha ni ule mshale. Niliona hauendani na jibu la taa. Kisha nikaelewa kwamba hayo mawili hayapingani hata kidogo. Kompyuta inaandika kosa pale sensa inapokatika waya, au inapoleta taarifa isiyowezekana. Sensa inayosema "maji ni ya baridi" wakati maji ni ya baridi kweli haina kosa lolote la kuandikiwa.

Sensa ilikuwa inasema kweli.

Na kompyuta ilikuwa inatii. Petroli huungua vizuri kilo 1 ikikutana na kilo 14.7 hivi za hewa. Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli haigeuki mvuke, inabaki imeganda kwenye kuta za njia ya hewa, kwa hiyo kompyuta inaongeza mafuta makusudi ili injini isizimike. Ni sahihi kabisa kwa dakika chache za asubuhi. Gari langu lilikuwa linaishi kwenye asubuhi hiyo hadi jioni.

Kuna hasara ya pili ambayo wengi hawaihesabu. Kwenye otomatiki hizi, injini ikiwa bado baridi, kompyuta inachelewesha gia ya nne na kile kifungio cha ndani ya gia boksi kinachozuia mteleko. Kwa hiyo unakwenda mwendo uleule injini ikizunguka zaidi. Unalipa huku, unalipa na kule.

## Nafasi tupu

Nilirudi gereji na swali moja tu: themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ipo?

Fundi hakubisha. Akafungua bolti za lile bomba linalopokea maji kutoka chini ya rejeta, akalivuta, maji yenye rangi ya kutu yakamwagika. Ndani hakukuwa na kitu. Pale panapokaa themostati palikuwa wazi.

"Hii ilitolewa zamani, kabla hujainunua," akasema. "Huku kwetu tunazitoa. Nchi ya joto hii, inahitaji ya nini?"

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu ni rahisi kumcheka fundi na mimi sina nia hiyo. Anachokiogopa ni cha kweli. Themostati ikigoma kufunguka, maji ya injini hayafiki kwenye rejeta, gari linachemsha, na ukichelewa kuzima unaua gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe inapinda. Ameshawahi kufungua injini za namna hiyo, ameshawahi kumtazama mwenye gari machoni akimtajia gharama. Akitoa themostati, siku hiyo haiji. Mafuta yanayopotea kidogo kidogo hakuna anayemlaumu kwayo.

Tena themostati bandia zimejaa madukani. Zinafanana na za kweli mpaka kwenye boksi.

Lakini hofu ile inamwangukia asiyehusika. Kinachoua themostati mara nyingi ni kile tunachomimina. Maji ya bomba, mwaka baada ya mwaka, bila kulanti (yale maji maalumu ya rejeta), yanaleta kutu na magamba, na vyote hivyo vinaganda kwenye rejeta na kwenye vali. Kisha tunaitoa vali na kuiacha kutu.

Na injini nyingi za Toyota zina jambo jingine. Themostati yake ina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya rejeta. Ya chini, wakati huohuo, inaziba njia ya mkato ambayo maji ya moto hupitia kurudi kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi daima. Gari litakuwa baridi mno kwenye mteremko na bado linaweza kuchemsha ukilipandisha mlima limejaa watu. Ndiyo maana vitabu vya mafundi vya Toyota vinaonya usiitoe hata kama gari lina tabia ya kuchemsha.

Hilo lilimnyamazisha fundi kidogo. Akasema, "Basi turudishe, lakini si kwa maji haya."

Alikuwa sahihi, na ndipo kazi halisi ilipoanza. Rejeta ikasafishwa. Mfuniko wa rejeta ukabadilishwa, na huu watu wanaudharau sana: kwa urefu wa Arusha, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Mfuniko mzima unabana shinikizo na kusogeza kiwango hicho mbali juu. Mfuniko uliochoka unakuachia na maji ya jikoni.

Themostati mpya sikukubali ifungwe kabla sijaiona ikifanya kazi. Nikaenda nayo nyumbani, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la gesi, nimeining'iniza kwa uzi isiguse chini, na kipimajoto pembeni. Imegongwa mhuri 82. Ilikaa imejifunga kimya mpaka maji yalipofika hapohapo, kisha sahani ikaanza kushuka polepole, uwazi mwembamba kama ukucha, ukapanuka kadiri maji yalivyokaribia kuchemka. Nikazima jiko, ikajifunga tena. Watoto waliomba nirudie.

Fundi akaifunga, kale kapini kadogo kanakotoa hewa kakiwa juu, akajaza kulanti, akaacha injini inguruke mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yakaisha.

Sikugusa kingine chochote mpaka matangi yaliyofuata yakaisha. Ningebadilisha vitu vitano kwa mpigo nisingejua kipi kimefanya nini. Mshale ukapanda mpaka karibu na katikati, ukakaa hapo. Tanki likatoka kwenye 7 kasoro, likakaribia 8.

## Mengine madogo

Baada ya hapo nikapata hamu ya kuuliza kila kitu.

Breki kwanza. Baada ya mwendo wa wastani bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na rimu za pande zote bila kugusa. Ya mbele kushoto ilikuwa na moto kuliko wenzake. Pini za kalipa zilikuwa zimekauka, pedi hairudi nyuma, gari linakwenda limeshikwa. Grisi ya breki na usafi, basi.

Upepo wa tairi. Anayejaza anakuuliza "niweke thelathini?" kwa kila gari. Kipimo chako kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na kinapimwa tairi zikiwa za baridi.

Kitufe cha O/D. Kama kwenye dashibodi inawaka taa ya O/D OFF, gia ya nne umeifunga mwenyewe. Kuna madereva wanaishi hivyo miaka, wanaamini gari "linakuwa na nguvu". Kwenye mlima sawa. Kwenye tambarare ya kuelekea KIA, hapana.

Keria ya juu niliishusha. Sina mzigo wa juu kila siku, kwa nini upepo uigonge kila siku? Mwendo nao ni hivyohivyo: ukitoka 80 ukaenda 100, nguvu ya upepo unaokusukuma nyuma inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na Noah haina pua ya kukata upepo.

Ea klina ndiyo iliyonishangaza. Nilikuwa na hakika chujio chafu linakula mafuta, maana tumeambiwa hivyo tangu enzi za kabureta. Maabara ya taifa ya Oak Ridge kule Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009 kwa magari ya kisasa, ikakuta chujio lililoziba halibadilishi ulaji wa mafuta kwa kiasi cha kuonekana. Linachopunguza ni nguvu ya gari kuchomoka. Kompyuta inaona hewa imepungua, inapunguza na mafuta. Badilisha chujio kwa ajili ya injini yako, hasa kwa vumbi letu, lakini usitegemee kuliona kwenye sheli.

Zile sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vidude vya kuchomeka kwenye tundu la sigara, achana navyo. Mamlaka ya mazingira ya Marekani imepitia zaidi ya 100 vya aina hiyo bila kupata kimoja kinachopunguza mafuta kwa kiasi cha maana.

## Kuachia fri

Hili naliandika kwa hasira kidogo, kwa sababu nina ndugu wanaolifanya wakiwa wamebeba watoto.

Kuachia gari fri, yaani kutoa gia, kwenye mteremko hakubani mafuta. Kwenye injini ya sindano ya umeme, ukiwa ndani ya gia na umeondoa mguu kabisa kwenye mafuta, mizunguko ikiwa bado juu, kompyuta inafunga nozeli. Mafuta yanayoingia ni sifuri. Matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia fri, injini inapoteza msukumo huo wa matairi, inabidi ilishwe ili isizime. Kwa hiyo ukiwa fri ndipo unapochoma mafuta.

Na umejinyima breki ya injini. Mteremko wa Kitonga, au huu wetu wa Marangu kuja Himo, unaushuka kwa breki za miguu peke yake, zinapata moto, maji yaliyo kwenye oili ya breki yanageuka mvuke, pedali inazama. Hakuna lita ya petroli inayostahili hilo.

Weka gia ya chini, ondoa mguu, acha injini ishike.

## Hesabu ya nani?

Sasa hivi Noah yangu inacheza kwenye 9 kwa lita nikichanganya mjini na safari. Kwa kila kilomita 100 ni kama lita 3 ambazo sizilipii tena. Sensa ya oksijeni bado ni ileile ya zamani. Haijaonyesha kosa, ila sensa hizi huchoka polepole bila kuandika chochote, na nimeshaiwekea bajeti. IST sinunui.

Ila kuna mazungumzo ambayo bado yananisumbua. Juzi nilikuwa stendi, nikaongea na dereva wa Noah ya abiria ya kwenda Namanga. Mtu anayekwenda na kurudi kutwa, gari limejaa hadi mlangoni. Nikamuuliza mshale wake unakaa wapi. Akaniambia chini, siku zote, gari halichemshi kabisa. Nikamweleza habari za themostati. Akanisikiliza vizuri, hata akauliza bei.

Kisha akaniambia jinsi kazi yake ilivyo. Jioni anampelekea mwenye gari hesabu ya siku, kiasi kilekile, liwe jua au mvua. Mafuta yanatoka mfukoni mwake dereva. Spea zinatoka mfukoni mwa mwenye gari. Anayenunua themostati haoni lita hata moja inayookolewa, na anayezilipia lita hana ruhusa ya kugusa injini.

"Nikimwambia bosi ninunuliwe hicho kifaa," akasema, "ataniuliza, kwani gari inachemsha?"

Nimemwambia apime tanki kwanza, aandike kwenye karatasi kilomita na lita kwa wiki kadhaa, kisha waangalie pamoja na bosi kama bei ya themostati inaweza kukatwa kwenye hesabu ya siku moja. Amechukua namba yangu.